PAKA HAWEZI KUZOA TAKA

Katika visiwa vyetu ni desturi ya miaka mingi kwamba mtu akisafiri, ufunguo wa nyumba huachiwa jirani, na pamoja na ufunguo huo huachiwa kuku, miche ya kibarazani na paka. Hapaandikwi mkataba wala hapatolewi malipo. Msafiri husema, "Nakuachieni amana," na neno hilo hutosha, kwa kuwa sote, tuliosoma chuoni na tuliosoma skuli za Serikali, tumefundishwa kuwa amana hairejeshwi pungufu.

Leo tunataka kuizungumza amana hiyo kwa upande ambao aghalabu hausemwi mikutanoni. Mtu anaweza kumtunza paka wa jirani yake kwa uwezo wake wote ndani ya nyumba, na bado asiweze kumkinga na yanayopita mlangoni: taka zisizozolewa, panya wanaoneemeka kwa taka hizo, na sumu inayotegwa kiholela ili kuwaua panya hao. Haya si mambo ya nyumba moja. Ni mambo ya mtaa, ya shehia na ya Serikali, nasi tunayaeleza kwa kuwa tumeyashuhudia katika muda wa wiki moja tu.

Jirani yetu, bi mkubwa anayeishi peke yake, alipata habari ya msiba wa nduguye huko Pemba, akalazimika kuvuka siku ya pili yake. Alituletea paka wake, jike la rangi ya majivu, akiwa ndani ya kikapu cha ukindu. Maagizo yake yalikuwa mafupi: "Wanangu, huyu hali dagaa mkavu. Maji ya kunywa mbadilishieni asubuhi na jioni. Usiku asitoke." Tukampokea kwa radhi. Siku ya kwanza alikaa nyuma ya kabati akitutazama kama mkaguzi wa hesabu, na hakutoka mpaka aliposikia harufu ya kibua wa kuchoma.

Usiku wa pili maji, ambayo hayakuonekana mferejini tangu juma lililopita, yalikuja saa nane kwa kishindo, yakapasua bomba chakavu la uani. Nyumba nzima iliamka kukinga ndoo na kukausha sakafu kwa matambara, na paka akapanda juu ya kabati akabaki huko hadi alfajiri. Siku ya tatu umeme ulikatika tangu asubuhi ukarudi baada ya Isha. Changu na jodari waliokuwa katika friji waliharibika wote. Tulimwekea paka kipande kimoja, akakinusa, akakipa kisogo. Hapo tukajua kuwa samaki hawa hawali mtu.

Wako watakaosema kuwa misukosuko ya namna hii ni ya kawaida na haifai kujaza safu ya gazeti. Tunakubali kuwa ni ya kawaida. Wakaazi wa Unguja waliokaa bila umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, hawawezi kutishwa na giza la siku moja. Lakini tunaomba msomaji aifuate safari ya samaki yule aliyeoza, maana ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Samaki alifungwa vizuri katika mfuko, akapelekwa jaani, mahali palipowekwa na wenye mamlaka kwa kazi hiyo. Jaa lilikuwa limejaa na kumwagika hadi njiani, kwani gari la taka lilikuwa halijapita kwa siku nyingi. Mifuko ya nyumba nyingine ilikuwa imeraruliwa, na bila shaka nyumba hizo nazo zilikuwa zimepoteza samaki kwa umeme ule ule. Usiku ule panya walikula karamu. Usiku uliofuata, baada ya kuumaliza mzoga, walianza kutafuta nyumba kwa nyumba. Kwetu walitoboa gunia la mchele na kutafuna waya wa taa ya ukumbini. Paka wa jirani akaona kazi yake imewadia. Akamkimbiza mmoja juu ya meza, chini ya makochi na ndani ya kabati la vyombo, na asubuhi tulihesabu bilauri nne na sahani mbili za kaure zilizovunjika. Panya mwenyewe alipenya katika tundu la mtaro akaenda zake.

Siku ya sita mtaa mzima ulikwisha choshwa. Mtu mmoja, ambaye hatuna sababu ya kumdhania ubaya, alitega vipande vya nazi vilivyopakwa sumu katika vichochoro. Hakumwambia mtu. Asubuhi panya walionekana wakitembea mchana kweupe kwa kuyumba, na watoto waliokuwa wakienda chuoni wakasimama kuwatazama, mmoja akimgusa panya kwa kijiti. Paka wa amana alilia mlangoni kutwa akitaka kutoka, nasi tukazidi kukaza komeo. Paka wengine hawakuwa na mlango wa kufungiwa. Jike moja la mtaani, lililokuwa likinyonyesha chini ya baraza ya jirani wa pili, lilikutwa limekufa siku ya saba, na vitoto vyake vitatu vikiwa hai vikilia.

Yafaa ifahamike sumu hizi zinavyofanya kazi. Sumu nyingi za panya zinazouzwa duniani huzuia damu isigande. Panya aliyezila hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa akivuja damu ndani ya mwili, akipungukiwa na nguvu na wepesi wa kukimbia, na katika siku hizo huwa windo jepesi kuliko windo lolote. Paka anayemla hula na sumu iliyomo mwilini mwake. Ipo dawa, nayo ni vitamini K, lakini huhitaji daktari na kuwahi, na paka wa kichochoroni hana daktari. Tena kuna sumu nyingine zinazouzwa mikononi, katika vifuko visivyo na maandishi, ambazo mnunuzi hajui zimetengenezwa kwa kitu gani wala afanye nini mwanawe akizitia kinywani. Basi mtu anayetega sumu kichochoroni huua panya kumi, akaua na paka wawili ambao wangemsaidia mwakani, na akawahatarisha watoto wa watu. Baada ya majuma machache panya wamerudi idadi ile ile, kwa kuwa mimba ya panya ni ya siku zipatazo 22 tu na jaa bado limejaa.

Tusidhanie kuwa dawa ni kuongeza paka. Wazee walisema paka akiondoka panya hutawala, na maneno hayo ni ya kweli ndani ya nyumba na katika ghala. Lakini jaa la mji ni jambo jingine. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Brooklyn katika jiji la New York, mahali palipohifadhiwa taka zenye panya wengi na palipokuwa na paka wasio na wenyewe. Kamera ziliwafuatilia kwa siku 79, na panya waliouawa na paka mbele ya kamera hizo walikuwa wawili tu. Panya walijificha zaidi paka walipokuwepo, kiasi cha wapita njia kudhani wamepungua, kumbe wapo. Penye chakula cha bure, paka naye hula taka kama panya. Kiumbe huyu ana uzito wa ratili chache, wala hatuna haki ya kumtwika kazi ya idara nzima.

Wala tusidhanie kuwa jambo hili ni la kuwaonea huruma wanyama peke yake, ingawa huruma hiyo nayo ni wajibu. Wengi wetu tulijifunza utotoni Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie akajitafutia. Tulijifunza pia kuwa Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka apate kunywa, na kuwa sahaba mkubwa Abu Huraira alipata lakabu yake kwa sababu ya paka. Lakini juu ya huruma ipo afya ya watu. Tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980 iliendelea kurudi kwa miaka mingi, na panya ndio waliokuwa wakibeba viroboto wake. Julai 2022 wakulima wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipatwa na homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine katika maji na udongo, na watu watatu wakapoteza maisha. Sisi tunaojua mitaa yetu inavyojaa maji wakati wa masika, na watoto wetu wanavyoyachezea maji hayo miguu mitupu, hatuna ruhusa ya kuziona habari hizo kuwa za watu wa mbali.

Kwa hiyo tunatoa ushauri wetu kwa pande mbili.

Kwa wenye mamlaka, tunasema kwanza kuwa ratiba ya gari la taka itangazwe katika kila shehia na ifuatwe. Mwananchi akijua siku, ataweka taka nje siku hiyo. Asipojua, ataziweka kila siku, na panya watakula kila siku. Pili, umeme ukikatika kwa saa nyingi, watu wa usafi wapewe taarifa mara moja, kwa sababu kesho yake majaa yatajaa samaki na nyama. Ni jambo la simu moja kutoka ofisi hadi ofisi. Tatu, uuzaji wa sumu mikononi ukomeshwe. Panapolazimu kutega sumu, itegwe na watu waliofunzwa, ndani ya visanduku asivyoweza mtoto wala paka kuvifungua, na sheha awatangazie watu kabla. Nne, madaktari wa mifugo wasaidiwe kupita mitaani kuwafunga paka vizazi na kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka naye huweza kuupata na kumwambukiza binadamu. Paka wachache wenye afya ni faida kwa mtaa. Paka wengi wenye njaa na vidonda ni mzigo.

Kwa wananchi wenzetu, tunasema kuwa Serikali haiwezi kuja kufunika sufuria zetu. Matumbo ya samaki yasitupwe mtaroni. Chakula kilichosalia kisiachwe wazi usiku. Matundu ya ukutani na ya mifereji ya maji machafu yazibwe kwa saruji au wavu wa chuma, kwani panya mdogo hupenya tundu la upana wa kidole gumba. Mtego wa kunasa una taabu kuliko sumu, maana humlazimu mtu kuuangalia kila asubuhi, lakini hauui kisichokusudiwa. Na mwenye nia ya kutega sumu hata hivyo, basi abishe hodi kwa majirani awaambie, kila mtu afunge paka wake na kuwaonya wanawe. Ni uzito gani ulioko katika maneno hayo matatu au manne ya mlangoni?

Bi mkubwa alirudi kwa boti siku ya nane, akamkuta paka wake mzima na mnene kidogo kuliko alivyomwacha. Alituletea chungwa na karafuu, akatushukuru kwa amana. Jioni ile ile alikwenda mwenyewe kwa jirani wa pili akavichukua vile vitoto vitatu vya paka, na hivi tunavyoandika anavinywesha maziwa kwa kitambaa. Yeye amekwisha timiza lake, na zaidi ya lake. Jaa lenyewe, siku tuliyopeleka makala haya mtamboni, lilikuwa bado halijazolewa. Tunawaomba wanaohusika wasingoje msiba wa mtoto ndipo walizoe.