Jakamoyo, Wahaka na Hojaji: Kiswahili katika Kazi ya Amina Abubakar

Imekuwa ada katika idara za Kiswahili kuiona saikolojia kama chombo cha kuazima tu. Nadharia ya Freud hutajwa katika sura ya pili ya tasnifu, Kazimoto wa Kichwamaji (1974) akachambuliwa kwayo, kisha mwanasaikolojia akasahauliwa. Kwamba mwanasaikolojia naye anamhitaji mwanafunzi wa Kiswahili ni jambo lisilopewa uzito unaostahiki. Kazi ya Profesa Amina Abubakar inatosha kulithibitisha.

Mtaalamu huyu alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, lakini watoto aliowachunguza walikuwa wa Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa na kituo cha utafiti tangu 1989. Alitaka kujua jinsi maradhi na lishe duni vinavyoathiri makuzi ya mtoto. Vipimo vingi vilivyokuwapo vilitungwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Basi yeye na wenzake wakaunda Kipimo cha Makuzi cha Kilifi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, wakitumia vifaa vya bei nafuu vinavyopatikana papo hapo. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Pwani, akaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na utafiti wake ukapanuka hadi afya ya akili ya vijana na watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Hapo ndipo lugha inapokuwa kiini cha mambo. Makuzi ya mtoto huweza kupimwa kwa kumtazama akitembea; huzuni haipimwi ila kwa kuulizwa. Hojaji ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, iliyotungwa Marekani na ambayo sasa ina matoleo ya Kiswahili, humtaka mtu aeleze hali yake ya wiki mbili zilizopita, na alama zake, kuanzia 0 hadi 27, ndizo zinazoashiria kama ana sonona. Neno moja likikosewa, mgonjwa huhesabiwa mzima.

Na amwendee mtafiti bibi wa Ganjoni, amwulize iwapo "amejihisi yuko chini". Bibi huyo, ambaye hukaa ghorofa ya tatu, ana haki ya kushangaa. Angeulizwa kuhusu jakamoyo, au moyo mzito, au roho isiyotulia, angejibu bila kusita. Wasiwasi nao una mitego yake: kwa mmoja ni hofu, kwa mwingine ni shaka juu ya mtu, na kwa mwingine tena ni ile hali ya kurudia udhu mara tano kwa kutoamini kuwa umetimia. Sonona lenyewe, ambalo wanaistilahi wamelipenda, hapana shaka litawafaa madaktari. Ganjoni wengi hawalitumii.

Watafiti hujikinga kwa kutafsiri mara mbili: mmoja hutia maswali katika Kiswahili, mwingine, asiyeona matini asilia, huyarejesha katika Kiingereza, kisha hulinganishwa. Njia hii ni nzuri, lakini ina kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa tafsiri angeing'amua. Huipendelea tafsiri sisisi. "Kujihisi chini" hurudi Kiingereza bila hitilafu yoyote, ilhali "jakamoyo" hurudi likiwa na sura nyingine na kutiliwa shaka. Ndiyo maana mahojiano na wenyeji kabla ya kutafsiri si anasa.

Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, ni zito zaidi. Licha ya aibu, palikuwa na sheria: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Aliyekiri kuwa aliwahi kujaribu alikuwa akikiri kosa. Sheria imelegea, lakini staha ya kumwuliza mzee swali kama hilo bado haijaandikwa na yeyote.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya madaktari, na kwamba fasihi ina shughuli zake. Lakini ni nani aliyesoma Sauti ya Dhiki (1973), iliyotungwa na Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, akiwa kifungoni, akadhani kuwa msamiati wa mateso ya nafsi haupo katika Kiswahili? Upo, tena umesheheni: ghamu, simanzi, wahaka, kimuyemuye. Usichokuwa nacho ni mtu wa kuuchukua Ganjoni, Kuze na Kibokoni, akauliza neno gani bado lasemwa, na nani, kwa maana ipi, kisha akampelekea mwanasaikolojia. Hiyo ni tasnifu nzima ya uzamili, na nauli yake ni ya matatu tu.