Mboga za Wema zina hesabu, tuipige yote

Wasee, kila nikiweka video ya shamba la mboga hapa Wema, lazima mtu aje kwa komenti: "Kilimo cha samadi ni cha maskini. Leteni mradi mkubwa." Sawa. Tupige hesabu.

Mradi mkubwa tulishauona. TARDA walijenga skimu ya mpunga hapa Tana Delta, mvua za El Niño za 1997/98 zikaibomoa, mashamba yakalala. 2008 ikaja hadithi ya miwa, maelfu ya hekta. Ikaishia kesi mahakamani. Uliza kijijini nani alipata sukari.

Sasa angalia robo eka ya mamangu mdogo. Mbolea ya duka hanunui, anachukua samadi kwa maboma ya Waorma. Kunde zinamrudishia udongo naitrojeni bure. Mto ukifurika, unaacha tope lenye rutuba. Mafuriko ya 2024 yalimbebea bamia na mchicha wote. Alipoteza mbegu na jasho. Jirani aliyekopa mbolea na dawa alipoteza mbegu, jasho, na deni bado analipa. Maji yaliposhuka, mmoja alipanda tena. Mwingine alikuwa anamkwepa mwenye duka. Kwa bonde linalofurika, faida ni nani anaweza kuanza upya.

Lakini na nyinyi wa semina za kilimo hai, msicheke. Hesabu yenu haina mshahara wa huyo mama anayebeba ndoo kutoka mtoni kabla jua halijachomoza. Mngemlipa kibarua, ile faida kwa karatasi zenu ingebaki? Tena mchicha wa kijiji kizima hukomaa wiki moja. Soko la Garsen linajaa, bei inaanguka. Barabara ikikatika, mboga zinaozea kwa gunia. Udongo mzuri haulipi nauli ya bodaboda.

Kwa hivyo kaunti, hatuombi skimu nyingine ya kukata utepe. Tunataka barabara inayopitika msimu wa mvua, pampu za sola za vikundi, na mahali penye ubaridi pa kuweka mboga siku mbili tatu. Pesa ya mradi mmoja mkubwa ingefanya hayo yote na chenji ibaki.

Na wewe unayeita hiki kilimo cha maskini: hiyo sukuma ya jioni kwenu, unajua ilimgharimu nani?