Mutu mumoja ao watu watatu?



Mwezi uliopita baba mumoja, mufanyakazi wa poste ya usiku, alifika kwangu asubuhi, buti zake zingali na vumbi. Hakukubali hata kiti. Akasema: "Pasta, nimekamata telefone ya mutoto wangu. Muchezo yake ya intaneti ilikuwa wazi, na mule ndani iko batu batatu. Mumoja ni mulume wa vita, mumoja ni mwanamuke wa kuponyesha bengine, mumoja sijue hata ni nini. Bote batatu ni yeye. Sasa, Pasta, mutoto wangu njo nani?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwani neno hilo lilikwisha kuingia katika nyumba yangu mwaka jana, na halikuwa la kucheka.

Kwanza tufahamu muchezo wenyewe, kwani sisi wazazi tunaukemeaka bila kuujua. Katika michezo hii kijana anatengeneza mutu. Anamupa jina, sura, nguo na kazi. Vijana wanamwita personaje. Anaingia naye katika inchi ya picha tu, lakini wale anaokutana nao mule ni watu wa kweli, kila mumoja na telefone ao ordinatere yake, mumoja Kolwezi, mumoja Ufaransa, mumoja Kanada. Wanafanya kundi, wanapigana vita pamoja, wanaweka mali pamoja.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1978, kwenye universite ya Essex katika Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kutengeneza muchezo wa namna hiyo, ulioitwa MUD. Haukuwa na picha hata moja, ni maneno tu kwenye kioo. Kisha ikatoka mingine ya picha: Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, World of Warcraft mwaka 2004. Huu wa mwisho, katika mwaka 2010, ulipita wachezaji milioni 12.

Na wachezaji wanabishana juu ya ulizo moja: ni vizuri kuwa na mutu mumoja, ao kuwa na wengi?

Sehemu moja ya jibu inatoka kwa wale wanaotengeneza michezo. Katika World of Warcraft, ukichagua kuwa mwindaji, utabaki mwindaji. Ukitamani kazi ya kuponyesha, ni lazima utengeneze mutu mwingine na kumulea tangu chini. Lakini katika Final Fantasy XIV, uliotengenezwa upya mwaka 2013, mutu mumoja anaweza kujifunza kazi zote. Anabadilisha chombo mukononi, na kazi inabadilika. Pale sababu ya kuwa na watu wengi ni ndogo.

Kwetu sisi watu wa migodi nitatoa mufano wa EVE Online, muchezo wa Iceland uliotoka mwaka 2003. Mule kuko wachimbaji kweli kweli. Wanapasua mawe makubwa yanayoelea juu katika anga, na jiwe la kawaida linaitwa Veldspar. Jiwe linasafishwa, madini yanatengeneza vyombo vya kusafiri, vyombo vinauzwa. Konti moja inabeba watu watatu, lakini kwa kawaida mumoja tu njo anajifunza kazi kwa wakati mumoja, na masomo yake yanahesabiwa kwa saa na siku za kweli, hata wewe ukilala. Ukigawanya masomo kwa watatu, wote watatu watachelewa. Ni kama baba mwenye feza ya minerval ya mutoto mumoja, naye anataka kuwaingiza watatu katika kelasi.

Basi wengine wanafungua konti mbili, tano, hata kumi. Mutu mumoja amekaa kwenye kiti kimoja, na vyombo kumi vinachimba. Waliweka hata programu ya kufinya kitufe kimoja na vyombo vyote vinatii pamoja. Wenye EVE wakakataza ufundi huo tangu tarehe 1 Januari 2015, na wenye World of Warcraft wakaukataza vilevile mwaka 2020. Hawakukataza kuwa na watu wengi. Walikataza kwamba mutu mumoja ajifanye ekipe nzima kwa kidole kimoja, na wengine wanaochimba kwa mikono yao wabaki na njaa.

Sasa nije kwa nyumba yangu.

Kijana wangu wa tatu ana miaka 17. Alianza na mupiganaji. Kila siku nilimusikia anakasirikia wale wa kuponyesha: wanachelewa, wanalala, wanamuacha anakufa. Siku moja kundi lilikosa muponyeshaji, naye akatengeneza mutu wa pili kwa kazi ile. Kisha juma mbili akaniambia: "Papa, sasa njo naelewa. Wale bapiganaji banakimbiaka mbele bila kuangalia nyuma, kisha banakutukana." Nilifurahi. Munajua kapita aliyewahi kusukuma toroli mwenyewe, na kapita ambaye hajalisukuma hata siku moja, namna gani wanaamuru watu tofauti. Kwa jambo hilo, kuwa na mutu wa pili kulimufundisha mutoto wangu kuliko maneno yangu.

Kazi ya kuponyesha ikakuwa yake. Mupiganaji akamuacha. Mwaka muzima watu wa kundi lile, karibu wote wa luga ya Kifaransa, walimujua kwa jina moja. Vita ikiwa saa mbili ya usiku, wanamungoja. Wakamupa ufunguo wa depo, maana ya kwamba aliweza kuamua nani anaingia na nani anatosha mali.

Halafu akatengeneza mutu wa tatu. Huyu hakumuonyesha mutu. Alimuingiza katika kundi kama rafiki aliyemukuta njiani, akamufungulia depo, na usiku mumoja mutu wa tatu akatosha mali nyingi, akaiuza. Alitamani silaha fulani ya bei kali, basi.

Depo ile ina kitabu kinachoandika jina la kila mutu anayetosha kitu. Asubuhi wakaona jina, lakini mwenye jina alikwisha kuondoka. Wakaulizana: ni wa nani? Wakakumbuka kwamba aliandikaka Kifaransa kwa namna ya watu wa Congo. Katika kundi kulikuwa watu wa Congo wawili tu: mutoto wangu, muponyeshaji ambaye wote walimuheshimu, na kijana mumoja wa Likasi ambaye hakuongeaka sana. Wakamufukuza yule wa Likasi. Aliandika mara mbili kwamba hakufanya kitu. Hakuna aliyemujibu, hata mutoto wangu.

Mimi nilijua juu ya chakula. Siku tatu mutoto alikula kidogo tu, na telefone ikabaki mufukoni. Mama yake akasema ni malaria. Usiku wa ine nilikaa naye inje, na akaniambia yote. Mwishoni akaongeza: "Lakini Papa, ule hapana miye. Ule ni personaje tu. Nitamufuta, itaisha."

Nilimuuliza: "Na kijana wa Likasi, yeye naye ni personaje?"

Hakujibu.

Wapendwa, hapa njo neno langu lote la mwezi huu. Ubaya haukuwa katika hesabu, mumoja ao watatu. Muponyeshaji alikuwa mutu wa pili, na alimuongezea mutoto akili. Ubaya ulianza siku ile mutoto alipotengeneza mutu ambaye hakuweza kusema mbele ya wengine, "huyu vilevile ni miye." Kitufe cha kufuta kinafuta jina na sura. Kijana wa Likasi alibaki amefukuzwa.

Tulikaa pamoja, akaandika barua kwa kundi. Aliifuta na kuiandika tena, sijui mara ngapi. Nilimukataza kitu kimoja tu: kuweka neno "mutu wangu aliiba." Nikamuambia aandike "niliiba." Wakamunyanganya ufunguo wa depo. Kwa muda wa miezi mitatu aliponyesha watu kila usiku, na hakuna aliyemupa hata kitu kidogo cha kulinda. Alirudisha mali polepole. Wakamuandikia kijana wa Likasi arudi, na mutoto wangu akamuandikia mara kadhaa kuomba musamaha. Mpaka leo hajajibu. Kila akifungua muchezo, mutoto anaangalia kwanza orodha ya majina, kama lile jina liko.

Pengine mutasema: "Pasta, ni muchezo tu, mbona unaufanya mukubwa?" Sikilizeni habari ya Norwe. Kulikuwa kijana jina lake Mats Steen, mugonjwa wa kulegea viungo tangu utoto, mutu wa kiti cha magurudumu. Alikufa katika Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliteseka kwa wazo moja: mutoto wetu ameishi peke yake, na kuchezacheza tu kwenye ordinatere. Baba yake akaandika habari ya kifo kwenye ukurasa ambao Mats alikuwa akiuandika kwa intaneti. Barua zikaanza kuingia, moja kisha ingine, kutoka kwa watu ambao wazazi hawakuwajua. Katika World of Warcraft mutoto wao alijulikana kwa jina la Ibelin, mutu wa kundi la Starlight. Alikuwa akiwasikiliza, akiwapa shauri. Mama mumoja alisaidiwa naye kupata njia ya kuongea na mutoto wake. Watu wa kundi wakatoka inchi mbalimbali za Ulaya, wakakuja kwenye maziko. Mwaka 2024 filme juu ya maisha yake, iliyofanywa na Benjamin Ree, ilionyeshwa katika inchi nyingi.

Mats naye hakuwa na mutu mumoja tu, alikuwa na mwingine jina Jerome. Na kwa muda murefu aliwaficha rafiki zake ugonjwa wake. Lakini jina Ibelin alilibeba miaka na miaka. Alipokosea, makosa yalimufuata kwa jina lile lile, na alipotenda mema, mema yalimufuata vilevile. Kwa hiyo watu walikuwa na mutu wa kumulilia.

Mashauri yangu ni haya.

Kijana, chagua mutu mumoja awe njo nyumba yako. Umulee polepole, uache watu wamuzoee. Wengine wawe masomo yako: jaribu kazi ya kuponyesha, ya kubeba, ya kuchimba, ujue mateso ya wenzako. Lakini uwaambie wenzako, "ule naye ni miye." Ukiona haya kusema neno hilo, usimutengeneze. Kama unataka kumutengeneza ili ucheze peke yako na kupumzika, hiyo si zambi, lakini asishike mali ya watu.

Tena, hesabu usiku wako. Watu watatu wa muchezo wanakula katika usingizi wa mutu mumoja, na ni yule anayekwenda shule asubuhi. Usidanganyike na wale wenye konti kumi; wengi ni watu wazima wanaolipa kwa feza yao wenyewe.

Wazazi, musikimbilie kuvunja telefone. Kaeni kando ya mutoto nusu saa, mumuulize: "Mule ndani, nani anakungoja? Wanakuita jina gani? Na kuko mutu wako ambaye hawamujui?" Kwa ulizo la tatu muangalie uso wake. Mimi sikuuliza mapema, na kijana wa watu akafukuzwa.

Yule baba wa poste ya usiku alirudi juma iliyofuata. Aliuliza maulizo yale matatu. Mutoto wake akamuonyesha wote watatu, mumoja mumoja, na yule asiyejulikana alikuwa muvuvi. Anavua samaki tu, akichoka na vita. Baba akaniambia: "Pasta, sasa naye ananiambia nimutengenezee wangu. Nimemujibu, miye poste ya usiku inanitosha." Lakini alikuwa anacheka, na safari hii alikaa kwenye kiti.

Mubaki salama. Tutaonana mwezi ujao.