MAMA MWANAFUNZI ASITUPWE

Mfanyakazi ajifunguapo hapaswi kuiacha kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Tena arudipo kazini anayo haki ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku.

Je, ndugu yetu aliye chuoni? Sheria hiyo yamhusu mwajiriwa, si mwanafunzi. Yeye hukesha na mtoto usiku, na asubuhi mtihani wamngoja. Wapo wanaorudi makwao si kwa kushindwa masomo, bali kwa kukosa wa kumwachia mtoto.

Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi masomoni. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini kufungua mlango ni jambo moja, kumpa mgeni mahali pa kuketi ni jambo jingine.

Twavitaka vyuo vyote vitenge chumba cha kunyonyeshea, na mzazi aahirishiwe mtihani bila adhabu. Baba naye ashike zamu ya ulezi. Jasho la wakulima na wafanyakazi lililomsomesha mama huyu lisipotee bure.