Mwenye Wimbo Atajwe

Wahenga walinena: mcheza kwao hutuzwa. Nami nauliza: atatuzwaje asiyetajwa?

Voi ni njia panda. Njia za Mombasa, Nairobi na Taveta hukutana hapo, na nyimbo nazo hukutana. Zama za santuri za CD, taarabu, bango, benga, rumba ya Kongo na nyimbo za injili zilinakiliwa ovyo, zikatiwa katika mfuko mtupu. Sauti ilibaki, jina likapotea. Leo wimbo umo simuni, na jina halikurudi.

Hasara hii yaigusa Taita hasa. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, alikuwa mwana wa Taita. Aliurekodi wimbo wa "Malaika". Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, dunia ikaujua. Hata hivyo, hadi leo watu wabishana: mtunzi ni yeye, au ni Adam Salim wa Tanzania? Ikiwa wimbo mashuhuri hivyo una ubishi, itakuwaje nyimbo za vijana wa Voi na Wundanyi?

Mwaka 2005 Buda Musique ya Ufaransa ilitoa CD ya taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, na ndani mna kijitabu cha maelezo. Wageni wameweza, sisi twashindwa na nini?

Chuoni tulisomeshwa kuuliza sanadi: fulani kapokea kwa nani? Wimbo haufikii cheo cha hadithi, lakini adabu hiyo yaufaa.

Basi, ewe unayerekodi, andika mtunzi, mwimbaji na mwaka. Nawe msikilizaji, uliza. Jina ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.