Ajali Haina Kinga? Usemi Unaohitaji Kusahihishwa



Kila yatokeapo maafa kazini, matangani petu husikika maneno mawili. La kwanza ni kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. La pili ni kwamba ajali haina kinga. Maneno haya husemwa kwa nia njema, kwa kuwa mfiwa anahitaji faraja. Hata hivyo, tukiyarudia bila kufikiri tunamtwika Mwenyezi Mungu lawama ya mambo yaliyofanywa na wanadamu: breki iliyojulikana kuwa mbovu na gari likaruhusiwa kuondoka, kamba ya winchi iliyokwisha kulika na haikubadilishwa, kijana asiyefundishwa aliyekabidhiwa mtambo kwa sababu ujira wake ni mdogo.

Tunalileta jambo hili kwa waamini wa Singida Mjini kwa sababu mbili. Kwanza, mji wetu umo katika njia kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro na Dodoma kuelekea Nzega, na hatimaye Rwanda, Burundi na Kongo. Malori ya mafuta hupita kwetu usiku na mchana, nayo hushuka mlima Sekenke yakiwa na shehena iwezayo kuteketeza kijiji. Pili, mkoa wetu ni mmojawapo wa mikoa minane ya Tanzania inayopitiwa na bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilometa 1,443, na kati ya hizo kilometa 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulitangazwa mwezi Februari 2022, na tangu hapo vijana wa mikoa hii wamekuwa wakitafuta kazi humo: ya kuchimba, ya kuchomelea, ya udereva, ya ulinzi na ya upishi. Baba na mama wa familia wana haki ya kujua ni hatari gani humkabili mtoto wao aendapo kutafuta riziki hiyo.

Watu wengi wakisikia ajali za mafuta na gesi hufikiria moto mkubwa tu. Moto upo, nasi tutauzungumzia. Lakini kwa miaka mingi barabara imekuwa miongoni mwa mambo yanayowaua kwa wingi wafanyakazi wa sekta hii duniani. Dereva aliyelala saa tatu, aliyeahidiwa posho akiwahi kufika, ni hatari kuliko mtambo wowote. Vibarua wanaopakiwa nyuma ya gari la mizigo alfajiri wamekwisha kuwa hatarini hata kabla kazi haijaanza.

Baada ya barabara huja vitu vizito. Bomba lile ni la chuma, lenye kipenyo cha inchi 24, na uzito wa kila kipande huhesabiwa kwa tani. Kipande kikining'inia katika winchi, pahali pa kusimama ni mbali nacho, wala si chini yake. Kikipangwa juu ya kingine bila kuzuiwa kwa kabari, huweza kubingirika na kumbana mtu asipate hata nafasi ya kupiga ukelele. Kadhalika mitaro. Meta moja ya ujazo ya udongo huzidi uzito wa tani moja, hivi kwamba mtu aliyefukiwa hadi kifuani hashindwi kutoka tu, bali hushindwa hata kuvuta pumzi. Mtaro usiotegemezwa kingo zake, hasa baada ya mvua, usiingiwe na mtu.

Jambo la tatu ni mvuke. Yafaa kila mtu aelewe kwamba petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni na mashimoni, na huweza kukutana na jiko la mkaa lililo mbali kabisa na mafuta yalipomwagika. Ndiyo maana tangi lililomwagwa mafuta yote laweza kuwa la hatari kuliko lililojaa: limebaki na mvuke mtupu, likingoja cheche. Fundi anayechomelea tangi la lori au pipa bila kulisafisha na kupima hewa yake anafanya kazi juu ya bomu. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, na sasa imo katika nyumba nyingi za mji wetu. Basi somo hili si la viwandani peke yake.

Moto si hatari pekee ya tangi. Ndani ya tangi au shimo lililofungwa, hewa huweza kukosa oksijeni bila dalili yoyote ya nje. Katika visima vya mafuta na gesi huweza kuwemo gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikizidi, huua hata uwezo wa pua kuinusa, na mtu hudhani hatari imepita. Kinachohuzunisha zaidi ni kwamba mwenzake akimwona ameanguka, huruka ndani kumwokoa bila kifaa cha kupumulia, naye huanguka papo hapo. Hivyo maiti huwa mbili, hata tatu. Upendo wa namna hiyo ni mkubwa, lakini kabla ya mtu kuingia hewa ipimwe, na mwokozi awe amejiandaa.

Jambo la tano latufundisha zaidi ya yote. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uskoti, jukwaa la kuchimbia mafuta liitwalo Piper Alpha liliungua, na watu 167 walikufa. Mchana wa siku ile pampu moja ilikuwa katika matengenezo, na vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa. Zamu ya usiku haikupata habari hiyo ipasavyo. Pampu ya pili ilipozimika, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990. Mapendekezo hayo yalikuwa mengi, lakini mzizi wa mkasa ulikuwa mdogo: zamu moja haikuiambia zamu nyingine jambo ililopaswa kujua. Watu wazima, wenye elimu na vifaa, waliangamia kwa ajili ya habari ambayo haikukabidhiwa.

Nasi tuna makaburi yetu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Miaka minane kabla yake, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka bomba lililopita mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, wakazi wakayachota, na watu wapatao 100 waliangamia. Wako waliosema kwamba ni tamaa iliyowaua. Sisi twasema tusiharakishe kuwahukumu marehemu. Mtu ambaye dumu moja la petroli ni ujira wake wa siku kadhaa hapimi hatari kama apimavyo aliyeshiba. Umaskini ni chanzo cha ajali, ingawa haumo katika fomu za wakaguzi.

Umaskini huo huo umo hata ndani ya uzio wa kazi. Kijana anajua kwamba kofia ngumu aliyopewa imepasuka. Anajua kwamba mkanda wa kupandia juu haukutosha kwa wote. Lakini anajua pia kwamba langoni wamesimama vijana hamsini wakingoja nafasi yake. Basi hunyamaza. Ukituuliza chanzo kikuu cha ajali kazini, jibu letu ni kunyamaza huku: mtu aliyeiona hatari akaogopa kuisema, na msimamizi aliyeambiwa akaona kusimamisha kazi ni hasara.

Kanisa lina neno juu ya hayo. Tangu barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891 hadi ile ya Papa Yohane Paulo II juu ya kazi, ya mwaka 1981, mafundisho ni kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba mfanyakazi ana haki ya mazingira yasiyoharibu afya yake. Tena, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mfupi ukingoni mwa dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazameni: Maandiko hayakumwambia mwenye nyumba aombe tu watu wasianguke. Yalimwambia ajenge ukuta.

Sheria za nchi yetu nazo zimejenga ukuta. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wenye kukagua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeunda Mfuko wa Fidia, WCF, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri, wala haukatwi katika mshahara. Mfuko huo hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu, na huwasaidia wategemezi wa aliyefariki kwa sababu ya kazi. Ni wajane wangapi katika jumuiya zetu waliopokea rambirambi na gunia la mchele, wakadhani ndiyo haki yao yote?

Kwa hiyo tunawaomba wenye kuajiri, hata mwenye gereji ndogo au kituo kimoja cha mafuta, wasihesabu vifaa vya kinga kuwa anasa. Wafanyakazi nao wasione haya kusema, "Hapa pana hatari, tusimame kwanza." Viongozi wa jumuiya ndogondogo wawasindikize wafiwa na waliojeruhiwa hadi kwenye ofisi husika mapema, kwa kuwa sheria imeweka muda wa kudai. Na sisi sote, lori la mafuta likipinduka, tuwaondoe watoto mahali hapo, tuzime moto wote, tusikaribie.

Yafaa jumuiya zijadili maswali haya:

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayefanya kazi ya hatari, na je, amefundishwa?
2. Ni familia ipi iliyopoteza mtu au kupata mlemavu kazini, na je, ilidai haki yake?
3. Ni hatari gani tunayoiona kila siku na kuinyamazia?

Wahenga walisema pia kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Usemi huo ndio tuurithishe watoto wetu, ili siku ya msiba tusimsingizie Mungu yale tuliyoyaacha sisi wenyewe.