Una Deni la Simu na Unasaka Job Bandarini? Soma Hii Kwanza

Msee wa Likoni, Kisauni ama Changamwe, hii ni yako. Ukisaka job ya serikali, iwe bandarini au kwingine, mara nyingi unaitishwa karatasi tano: KRA, HELB, EACC, cheti cha tabia njema cha DCI na barua ya CRB. Watu huziita karatasi za Sura ya Sita, ile ya Katiba ya 2010 inayoongelea uadilifu. Ukiisoma sura yenyewe, CRB haijatajwa popote.

Deni si jinai

Hapa wengi huchanganya mambo. DCI wanachukua alama za vidole na kuangalia rekodi ya uhalifu. Mkopo wa simu haujalipa? Hautokei hapo. Unatokea kwa CRB, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, zenye leseni ya Benki Kuu.

Sasa mdosi anajali nini? Anaogopa kwamba mtu aliyebanwa na madeni ni rahisi kununuliwa. Kontena moja ikipita bila kukaguliwa, ni noma kwa kila mtu. Woga huo si wa bure.

Lakini cheki Marekani. Wanapokagua mtu wa kazi za siri za serikali, deni linahesabika, ila wanauliza pia: lilitokeaje? Ulifutwa kazi? Uliugua? Umeanza kulipa? Anayeficha ndiye huumia zaidi. Huku kwetu barua ya CRB haiulizi maswali hayo. Uko safi ama hauko.

Ndio maana vijana wanazunguka palepale: hupati job juu ya deni, na hulipi deni juu huna job. Benki Kuu yenyewe iliona. Aprili 2020 ilizuia kulistiwa kwa madeni ya chini ya Sh1,000. Novemba 2022 ikaleta mpango wa benki kusamehe angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokwama, hadi mwisho wa Mei 2023. Dirisha hilo lilifungwa.

Ufanye nini?

1. Itisha ripoti yako kabla ya kutuma maombi. Moja kwa mwaka ni ya bure.
2. Ukikuta deni si lako, lalamika kwa CRB kwa maandishi. Lazima wachunguze.
3. Ongea na aliyekukopesha, mpange malipo, na uweke kila ujumbe wa M-Pesa.
4. Usimpe ganji broka anayedai atafuta jina lako. Anayepeleka taarifa kwa CRB ni aliyekukopesha.

Kijana wa Mtongwe aliyekopa ya unga na analipa pole pole si sawa na mla rushwa. Serikali inataka uadilifu, poa. Basi ianze kwa kuuliza deni lilitoka wapi kabla ya kumfungia mtu mlango.

Wewe je, barua ya CRB ishawahi kukunyima job?